Maneno Ambayo Shababi Hakuyasema

Binti yangu Mejumaa,

Ninakusikia chumba cha pili ukibishana na mama yako juu ya blanketi. Yeye anasema huko Machakos kuna baridi, wewe unasema sanduku halitafunga. Alasiri ndiyo kwanza imesaliwa, basi lako ni kesho asubuhi, na mimi nimekaa barazani na daftari lako la zamani la jiografia, nikijifanya ninaandika majina ya watu wa kusalimiwa.

Mambo ya nguo, chakula na watu wa kujihadhari nao utaambiwa na mama yako. Mimi nina jambo moja. Sijapata kulisema kwa mdomo, na hali mdomo ndio uliokuwa kazi yangu.

Unakumbuka Ukunda ilivyokuwa baada ya fujo. Watu walikuwa wamekatwa mapanga njiani, vibanda vya wabara vimechomwa, na waliosalimika walilala wiki nyingi katika uwanja wa kanisa. Kisha askari wakaja kwetu sisi wa pwani, wakawatoa vijana majumbani na kuwapiga marungu mpaka wengine hawakurudi wakitembea. Fujo zilipokwisha, kila upande ulikuwa na majeraha, na kila upande uliyaona yake tu. Pale Kona ya Musa watu waliuziana bila kusalimiana. Mtu wa bara akinunua dafu alimtazama muuzaji mkono ulioshika panga, hakumtazama uso.

Babu yako, baba yake mama yako, alikuwa mmoja wa wale wa uwanja wa kanisa. Nyumba yake ilichomwa na mbuzi wake wakiwa ndani. Mama yako aliniomba tumlete kwetu. Nikamwambia tungoje kidogo, majirani watasemaje, na wakija kutuchoma sote je. Nikawa ninampelekea chai na mkate kila asubuhi, ninamwamkia shikamoo, ninarudi. Alipokea kikombe na kuniita vilevile kama siku zote, "mkwe wangu wa mbahari," kwa Kiswahili chake kile cha Kikamba kinachotia m mbele ya b na n mbele ya d. Kifua kikamshika palepale uwanjani. Alikufa mimi bado ninangoja.

Hilo unalijua, na hukulisema kamwe. Nimelitanguliza kwa sababu mengine yote yalitoka humo.

Banda langu la video, lililofungwa tangu fujo, nililifungua tena mwaka uliofuata. Makuti juu, mabati pembeni, magunia madirishani ya kuzuia jua, televisheni na deki ya kuchezea kanda. Tulionyesha mchana wa Jumamosi na Jumapili tu, kwa kuwa hapakuwa na aliyetaka kutembea gizani. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa akitandika vitanda hotelini Galu akaniletea kanda kumi na mbili alizoachiwa na mgeni. Zilikuwa katuni za Kijapani, hadithi moja ndefu, bila maandishi chini wala neno la Kiingereza. Hapakuwa na mtu Diani nzima wa kutuambia wale watoto wanasema nini. Nikasimama kando ya televisheni, nikaanza kuwasemea.

Wewe ulikaa karibu na deki ukirudisha kanda, kwa hiyo picha unazo kichwani. Skuli iliyojengwa juu ya mlima wa barafu. Wanafunzi wanafunzwa kuita moto na upepo kutoka viganjani, na kila muhula wanapigana bweni kwa bweni, Wekundu na Wabuluu, na anayeanguka ameanguka kweli. Mkuu wa Wekundu alikuwa kijana mfupi mwenye macho makubwa, nikamwita Shababi. Mkuu wa Wabuluu nikamwita Mrefu.

Sijui kama uliwahi kuwatazama watazamaji kama nilivyowatazama mimi. Mimi niliipa televisheni mgongo, nikawa ninaona nyuso. Watu waliokuwa wameona nyumba zikiungua walikaa kwenye mabenchi yangu wakitazama nyumba zikiungua, wakapiga makofi. Kwenye kanda ya tatu yule msichana mwenye ndege wa moto alipouawa, hamali mmoja wa sokoni, mtu wa kubeba magunia mawili kwa mpigo, alilia akijifuta kwa shuka lake. Mama mmoja muuza mandazi alitoka katikati, akarudi wiki ya pili kuniuliza kama msichana amefufuka. Nikamwambia hajafufuka. Akasema, "Basi nitangoja," akakaa. Mwalimu wa madrasa alikuja kulalamika kwamba watoto wanapigana fimbo barazani mwake wakijiita Wekundu. Alikaa ili apate ushahidi, akatazama kanda nzima, na alipoondoka aliniuliza inayofuata itakuwa saa ngapi.

Wabara nao walikuja. Alikuja Mutiso, fundi wa viatu, akikaa benchi la mbele na mikono yake myeusi kwa rangi, akicheka kabla ya wenzake. Wiki nne za kwanza watu walikaa wamechanganyika, bega kwa bega, na mtu akiogopa alishika goti la aliye karibu naye bila kuuliza ni la nani. Mimi ndiye niliyelifanya hilo, Mejumaa, na mimi ndiye niliyelivunja. Watu wakinilaumu kwa la pili, moyoni ninataka wanikumbuke kwa la kwanza, na hiyo nayo ni tamaa tu.

Aliyeniomba ni Rashidi, muuza vinyago wa ufuoni. Unamjua. Kaka yake ndiye aliyetoka kituoni mwaka ule na miguu yote miwili imevunjwa. Alinifuata nje baada ya kanda ya tano.

"Hamisi, huyu Mrefu mtie ulimi wa bara," akasema. "Tumjue ni nani."

"Ni Mjapani, Rashidi."

"Na Shababi wako ni Mjapani? Mbona anazungumza kama mtu wetu wa Tiwi?"

Nilirudi ndani. Lakini Jumapili, Mrefu alipoingia kwenye picha na kuinua kiganja chake, nilifungua mdomo akatoka babu yako. "Ndunia hii ni yangu," nikasema. "Mbasi muniogope." Sikuwa nimekusudia kumwiga yeye. Nilitafuta ulimi wa bara, na mimi ulimi wa bara niliujua mmoja tu, ule ulionipokea na kunikalisha na kunipa mke.

Banda liliinuka. Watu walikanyaga sakafu mpaka vumbi likapanda kwenye mwanga wa televisheni. Hata Mutiso alicheka. Mimi mtu wa miaka arobaini na tano, mkataji wa nyasi hotelini, niliyefukuzwa kwa kuchelewa, sikuwa nimepata kuinukiwa na watu maishani mwangu. Nilirudia. Kila kanda nilimpa Mrefu ukatili zaidi na ulimi mzito zaidi. Akimvunja mtoto mkono, nilimfanya aombe chakula. Akimchoma mtu, nilimfanya aimbe wimbo wa kanisani.

Wabara waliacha kucheka kidogo kidogo. Hawakuondoka. Walihamia mabenchi ya kushoto, wakaanza kuwashangilia Wabuluu. Mrefu akimpiga Mwekundu, upande wa kushoto ulisimama na kupiga mbinja. Shababi akilipiza, ulisimama wa kulia. Kanda ya tisa watu walirushiana maganda ya machungwa. Kanda ya kumi zilirushwa chupa, na kijana mmoja alipasuliwa kichwa. Nilimfunga kitambaa nikaendelea. Wewe uliniambia siku hiyo, "Baba, waache watu wasikilize sauti za hao watoto wenyewe." Nikakwambia hujui biashara.

Mama yako alikuja mara moja tu, mchana, na sahani ya wali imefunikwa. Nilipotoka nje nikitiririka jasho, nilikuta sahani iko chini mchangani na yeye hayupo. Jioni nilimkuta anapepeta mchele.

"Leo nimemsikia baba," akasema, hakuinua uso. "Nilisimama nje ya magunia, nikamsikia baba anatishia kuua watoto. Watu wanacheka."

"Ni katuni, Mariamu."

"Najua ni katuni."

Akaendelea kupepeta. Hakuniletea chakula tena bandani, na mimi niliona amenipa nafasi.

Sasa nije kanda ya kumi na moja. Ilikuwa Jumamosi, jua kali, banda limejaa mpaka watu wamesimama. Mrefu ameshindwa vita. Wamemburuta mpaka lango la skuli, barafu yote imekuwa nyekundu, na Shababi anamjia akiwa ameshika panga la moto. Anasimama mbele yake. Anakaa kimya muda mrefu sana. Kisha anasema maneno machache, polepole, na machozi ya katuni yanamtoka makubwa kama mayai. Mimi niliyaona machozi yale. Nilikuwa nimeitazama kanda ile asubuhi peke yangu, nikayaona, nikajua kwamba mtu hamtukani adui yake huku akilia hivyo. Lakini banda zima lilikuwa linaningoja mimi, kulia na kushoto, kimya. Nikasema:

"Rudini kwenu. Ardhi hii si yenu. Safari hii hatutaacha hata mmoja."

Ulijua nimeyatoa wapi. Kila mtu mle ndani alijua. Ni maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi zilizobandikwa milangoni mwa watu kabla ya fujo.

Kwanza hapakuwa na sauti. Kisha mtu upande wa kulia akayarudia, na mwingine, wakayarudia kwa pamoja kama kiitikio. Benchi likaruka kutoka kushoto likampata mtu kifuani. Magunia yakang'olewa, jua likaingia, na katika mwanga ule nikawaona wanapigana watu waliokuwa wakishikana magoti. Walipigana na miguu ya mabenchi, na chupa, na mawe ya msingi. Kijana mmoja aliumwa sikio likabaki linaning'inia. Niliusikia mkono wa mtu ukivunjika kama muwa. Mutiso hakupigana. Alikuwa amekaa, ameinamisha kichwa, mikono juu ya kisogo, kama mtu aliyekwisha kupitia hayo na anayejua yanavyokwenda. Rashidi alimwinua kichwa kwa nywele, akampiga usoni na chupa iliyovunjika. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Alikuwa analitaja jina la kaka yake kila akipiga.

Mara ya tatu ilikukuta wewe. Ulikuwa umemlalia Mutiso, umemfunika, na mkono wako uko juu. Aliyekuvunja mfupa si Rashidi, ni mwingine aliyekuwa nyuma yake na ubao, na wala hakukutazama ni nani.

Na mimi wakati huo nilikuwa wapi? Umewahi kujiuliza, najua, na ulikuwa umefunika uso hukuniona. Nilikuwa nimeikumbatia deki. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kona, nimeifunika kwa kifua changu isipigwe, na nilikuona. Nilikuona unaanguka juu ya yule mtu, nikaona ubao unapanda, na mikono yangu haikuiachia deki. Hakuna mtu aliyenizuia. Hatua zilikuwa sita, pengine saba. Ninazipiga kila siku.

Kule hospitalini Msambweni yaliyotokea unayajua, lakini nataka niyaandike kwa mkono wangu. Askari alikuja na daftari. Tulikuwa kwenye benchi la nje ya wodi, plasta yako bado mbichi. Akauliza ilianzaje.

"Mimi ninafasiri tu, afande," nikasema. "Ni maneno ya filamu."

Ukasema, "Si ya filamu. Baba hajui Kijapani. Ameyatunga."

Nikakupiga kofi. Mbele ya askari, mbele ya mama yako, mkono wako ukiwa umefungwa shingoni. Kichwa chako kiligonga ukuta. Nilikuwa ninainua mkono tena, na yule nesi mfupi akausimamisha hewani. Aliniambia bila kupaza sauti, "Hapa hapigwi mtu." Hukulia. Ulimtazama yule nesi, si mimi, na nadhani safari yako ya kesho kwenye chuo cha manesi ilianzia hapo.

Walinikalisha ndani siku nne. Nilipotoka, banda lilikuwa limebomolewa na watu wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, na mabati yamechukuliwa. Nilifurahi. Nyumbani uliniamkia. Miezi yote hii hukukosa hata asubuhi moja kuniambia shikamoo, na hukuniambia lingine. Nilidhani utachoka. Kisha nikaelewa kwamba hukuwa unaniadhibu. Ulikuwa unangoja nianze mimi, na mimi ninajua kuwasemea watu wote ila mimi mwenyewe.

Kwa Mutiso nilikwenda. Hilo hulijui. Nilifika mara tatu mpaka kwenye ua nikarudi; ya nne aliniona. Alikuwa nje ya chumba chake anashona soli kwa kupapasa, kitambaa kimefunika mahali palipokuwa jicho.

"Kaa," akasema. "Usisimame kwa mwanga, nimebaki na moja."

Nikakaa. Nikamwambia yote, hadi ile deki. Alishona mpaka mwisho wa uzi.

"Sasa huyo Shababi alisema nini kabisa?" akaniuliza.

"Sijui."

"Hata neno moja hujui?"

"Hata moja."

Akafunga fundo. "Na hiyo hadithi iliisha namna gani?"

Kanda ya kumi na mbili hakuna aliyeiona. Nilimpelekea. Nilibeba deki na televisheni kwa rukwama mpaka kwake Jumapili mchana, tukakaa sisi wawili, na sikufungua mdomo. Tulisikia sauti zao wenyewe. Mrefu, Mejumaa, ana sauti ya kitoto. Na kanda inaanza palepale ilipokomea ya kumi na moja: Shababi anasema maneno yake yaleyale, akilia, kisha anaiweka silaha yake miguuni pa Mrefu, anageuka, anatoka yeye langoni. Yeye ndiye anayekwenda. Mrefu anabaki ndani, na Wekundu na Wabuluu wanamtazama Shababi anavyoteremka mlima mpaka anakuwa kidoti.

Mutiso aliisogelea televisheni kwa jicho lake moja.

"Kumbe alikuwa anaaga," akasema.

Nikaizima deki.

"Sasa mimi nilipigwa juu ya kwaheri." Akatikisa kichwa, akachukua kiatu chake. Hakuniambia amenisamehe na sikumwomba aseme. Lakini aliniambia nirudi Jumapili nyingine, na ninarudi. Huwa hatuzungumzi sana. Ninamtilia uzi kwenye sindano, kwa kuwa tundu halioni vizuri.

Rashidi alifungwa. Ninakwenda kumtazama pia, na yeye bado hanisemeshi.

Mwanangu, huko unakokwenda utafungua mdomo na watu watacheka. Utasema neno la pwani kwa ulimi wa pwani, na atatokea mtu mchangamfu, mwenye kipaji, atakuiga, na wodi nzima itacheka. Usidhani ni lazima awe mtu mbaya. Mimi nilimpenda yule mzee niliyemwiga. Sina dawa ya kukupa kwa hilo. Ninakwambia tu ujue linavyoonekana kutoka upande wa anayeiga: linaonekana kama mapenzi.

Na nilikupiga kwa sababu ulisema kweli. Hapakuwa na sababu nyingine. Haikuwa hasira ya mzazi, wala uchungu, wala aibu ya mbele za watu, ingawa nimejiambia yote hayo. Nisamehe. Kama huwezi, nenda vivyo hivyo, na kheri zangu zote ziko nawe.

Jambo la mwisho. Yule mama Kalondu atakayekupokea stendi na kukaa nawe Jumapili ambazo chuo kinawaruhusu kutoka, mama yako amekwambia ni mtu wa kanisa la kwao. Ni dada yake Mutiso. Mutiso mwenyewe ndiye aliyemwandikia, kabla sijamwomba. Lakini hakumwambia jicho lilivyotoka. Alimwandikia kwamba msumari wa kiatu ulimrukia. Nilimuuliza kwa nini. Akasema akimwambia kweli, dada yake atawachukia watu wa huku wote, na yeye bado anaishi huku.

Nikamwambia, "Binti yangu hajui kudanganya. Akiulizwa atasema."

Akafikiri kidogo. "Huyo ndiye alinilalia juu," akasema. "Huyo akisema, dada yangu atasikia vizuri."

Basi usibebe uongo wetu sisi wanaume wawili mpaka Machakos. Mama Kalondu akikutilia chai na kukuuliza habari za kaka yake, msimulie tangu mwanzo, na ukifika kwenye yule mtu aliyesimama kando ya televisheni, usimwite jirani wala mtu mmoja. Mtaje kwa jina, kisha umwambie ni baba yako.

Hamisi